GnuPG, OpenSSL, minisign au ssh-keygen: uhakiki saini ya kidijitali kwa zana ipi?

Saini ya kidijitali hutengenezwa kwa ufunguo wa siri wa mtu, na huhakikiwa kwa ufunguo wake wa umma. GnuPG ikiridhika huandika `Good signature`, OpenSSL huandika `Verified OK`, minisign hutangaza kuwa saini na maelezo yake vimehakikiwa, na ssh-keygen hutaja hadi jina la aliyetia saini. Ukizisoma harakaharaka utadhani zote zimejibu swali moja. Hesabu zilizo chini zinakaribiana kweli: RSA, ECDSA au Ed25519. Tofauti ipo kwenye kile ambacho kila zana inakithibitisha, na kile inachokuachia wewe bila kukuambia.

Maswali ni mawili. Faili limeguswa tangu litiwe saini? Hilo zana zote hulijibu vizuri. Aliyetia saini ni yule unayemfikiria? Hapo kila moja inaenda njia yake.

| Zana | Inatoa ufunguo wapi | Ikisema sawa, maana yake | Isichokagua |
|---|---|---|---|
| gpg | hifadhi yako yote ya funguo | ufunguo mmojawapo humo umetia saini | kama ndiye uliyemtarajia |
| gpgv | faili la funguo unalolitaja | mmoja wa waliomo kwenye faili hilo ametia saini | ufunguo kuisha muda au kubatilishwa |
| openssl dgst, pkeyutl | faili moja la PEM (ufunguo wa umma kwa maandishi) | ufunguo huu umetia saini baiti hizi | mwenyewe ni nani, muda, kubatilishwa |
| openssl cms | cheti (ufunguo wa umma wenye jina la mwenyewe) kilichomo kwenye saini | cheti kimefika kwenye mzizi (mtoa vyeti mkuu) unaouamini | jina la mwenye cheti. Kubatilishwa usipoagiza |
| minisign | herufi 56 ndani ya amri | ufunguo huu umetia saini faili na maelezo yake | muda, kubatilishwa |
| ssh-keygen -Y | orodha yako ya waruhusiwa | mtu huyu, kwa matumizi haya | usichokiandika kwenye orodha |

Faili limekuja kwa flash: GnuPG

ISO, yaani faili la kusakinishia mfumo, ya Ubuntu 24.04 ya desktop ni karibu GB 6. Kwa bando la simu hiyo si kazi ya kurudia mara mbili, ndiyo maana Dar es Salaam ISO moja huzunguka kwa flash kutoka kwa fundi wa Kariakoo hadi kwa mwanafunzi wa Ubungo. Hakuna ubaya. Faili zito linaweza kutoka kwa yeyote, mradi mafaili madogo uyachukue mwenyewe kwenye tovuti ya Ubuntu: `SHA256SUMS` na `SHA256SUMS.gpg`. Yote mawili hayazidi KB chache. (Flash iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi; iumbize upya kwa exFAT kabla hujamlaumu mwenye ISO.)

Uhakiki una hatua mbili, na watu wengi hufanya moja tu:

```
gpg --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS
sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS
```

Amri ya kwanza inahakiki orodha ya heshi (alama fupi zinazokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili), haijaigusa ISO hata kidogo. Ya pili inalinganisha ISO na orodha. Ukiruka ya kwanza, mtu aliyebadilisha ISO anaweza kukupa na orodha aliyoiandika mwenyewe, na heshi zitaoana bila tatizo. Ukiruka ya pili, umehakiki karatasi yenye namba tu. Ya pili ikikujibu `no file was verified`, angalia jina kwanza. ISO iliyopita kwenye mikono mitatu huwa imeshageuka kuwa `ubuntu mpya.iso`, na `sha256sum` hutafuta faili kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye orodha.

Sasa lile onyo linaloogopesha wengi: `This key is not certified with a trusted signature!` Linatokea chini ya `Good signature`, na wapo wanaofuta faili kwa sababu yake, wapo pia wanaolipuuza kabisa. Maana yake ni kwamba saini ni nzima ila wewe hujawahi kuiambia GnuPG kuwa ufunguo huo unauamini. Ni sawa na barua yenye mhuri safi kutoka ofisi ya serikali ya mtaa usioujua. Dawa ni kulinganisha alama ya ufunguo yenye tarakimu 40 na ile iliyotangazwa na mwenyewe, kwa njia tofauti na ile iliyokuletea faili. Usitumie tarakimu 8 za mwisho. Funguo bandia zenye tarakimu 8 zinazofanana na za watu wengine zilishatengenezwa kwa wingi na kupakiwa kwenye seva za funguo mwaka 2016. Alama ya Ubuntu hatuiandiki hapa kwa makusudi, kwa sababu kuinakili kutoka kwenye makala ni kumwamini mwandishi wa makala.

Kama tayari unatumia Ubuntu, kuna njia fupi isiyohitaji seva ya funguo, kwa kuwa ufunguo wa ISO ulikuja na mfumo wenyewe:

```
gpgv --keyring /usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS
```

Kwa skripti, sisi tungechagua `gpgv` kila mara. `gpg --verify` hutoka na 0 (kwa skripti maana yake ni "sawa") hata kama saini imetoka kwa ufunguo usiouamini, ilimradi ufunguo huo umo kwenye hifadhi yako. Mtu aliyewahi kuingiza funguo ishirini za miradi mbalimbali, yeyote kati ya wale ishirini anaweza kumtilia saini faili lolote na skripti ikapita. `gpgv` huangalia faili moja tu la funguo, kwa hiyo ukiweka ufunguo mmoja humo, ni huyo tu anayekubalika. Ina masharti yake. Faili la funguo liwe la baiti, si la herufi zinazoanza na `BEGIN PGP` (ligeuze kwa `gpg --dearmor`). Njia iwe na mkwaju, `./mtoa.gpg` na si `mtoa.gpg`, la sivyo italitafuta kwenye folda la GnuPG. Tena haikagui ufunguo ulioisha muda au uliobatilishwa, hivyo kulisasisha faili hilo ni kazi yako.

Ukilazimika kubaki na `gpg` ndani ya skripti, usitafute neno `Good` kwenye maandishi yake. Jina la mwenye ufunguo huchapwa humo humo, na jina hujiandikia mwenyewe. Tumia `--status-fd 1` kisha dai mistari miwili: `GOODSIG`, na `VALIDSIG` yenye tarakimu 40 unazozitarajia. `VALIDSIG` peke yake haitoshi kwa sababu hutolewa hata ufunguo ukiwa umeisha muda. Na kumbuka alama ya kwanza kwenye mstari wa `VALIDSIG` inaweza kuwa ya ufunguo mdogo (wa ziada, chini ya ule mkuu). Ile ya ufunguo mkuu iko mwisho wa mstari.

Jambo la mwisho kuhusu GnuPG: taja mafaili yote mawili, saini na data. Ukitaja saini peke yake, GnuPG hukisia data iko wapi, na kama "saini" hiyo imebeba data yake ndani, itahakiki hiyo ya ndani na kuliacha faili ulilokusudia.

Saini imetoka kwenye mfumo wa mtu mwingine: OpenSSL

Huyu ndiye mwenzako kama unaunganisha mfumo wa shule, hospitali au duka na lango la malipo au benki. Upande wa pili hutuma ujumbe wa XML au JSON, saini ya Base64 (baiti zilizoandikwa kwa herufi) na cheti. Hakuna `.asc` wala `.minisig`, yaani mafaili ya saini ya GnuPG na minisign, una baiti tu. OpenSSL inakubali karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo inaweza kukataa kwa sababu nyingi ambazo hazina uhusiano na udanganyifu. Asilimia kubwa ya saini "mbovu" wakati wa majaribio ni nzima kabisa.

Mwendo wa kawaida kwa RSA:

```
openssl x509 -in cheti.pem -pubkey -noout > umma.pem
openssl base64 -d -A -in saini.b64 -out saini.bin
openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -signature saini.bin ujumbe.xml
```

Ikigoma, pima kabla ya kubahatisha. `wc -c saini.bin` inakupa nusu ya jibu. RSA ya biti 2048 hutoa baiti 256 kamili, ya 4096 hutoa 512. Ukiona 344, bado una Base64, hujaifungua. Ukiona 0, huenda umesahau `-A` na saini yako ilikuwa mstari mmoja mrefu. Ukiona 64, ama ni Ed25519 ama ni ECDSA ya P-256 katika umbo ghafi. Ukiona 70 hadi 72, ni ECDSA ya P-256 ndani ya DER, umbo ambalo OpenSSL inalitaka.

ECDSA ndiyo inayowapotezea watu siku nzima. Tokeni za JWT (za kujitambulisha kwenye mifumo ya wavuti) za ES256 na kivinjari kupitia WebCrypto hutoa namba mbili zilizoshonwa pamoja, baiti 32 kwa 32. Java kwa jina `SHA256withECDSA` hutoa DER. OpenSSL ikipewa umbo ghafi haitakuambia "umbo si lake", itakataa tu, nawe utaanza kuushuku ufunguo. Geuza umbo kwanza.

Kwa RSA, mkanganyiko uko kwenye namna ya kujazia. `SHA256withRSA` ya Java ni PKCS#1 v1.5, ambayo `openssl dgst` huitumia yenyewe bila kuambiwa. Upande wa pili ukitumia PSS, ongeza `-sigopt rsa_padding_mode:pss`. Ed25519 haipiti kwenye `dgst` kabisa:

```
openssl pkeyutl -verify -pubin -inkey umma.pem -rawin -in faili -sigfile saini.bin
```

Hapo `-rawin` ni lazima kwa matoleo ya kabla ya 3.5, na unahitaji OpenSSL 3.

Vipimo vyote vikiwa sawa na bado inagoma, basi baiti ulizonazo si zile zilizotiwa saini. `echo` huongeza mstari mpya mwishoni, tumia `printf '%s'`. Notepad inaweza kuweka baiti tatu mwanzoni mwa faili, EF BB BF, usizoziona kwa macho. Git ya Windows hugeuza mwisho wa mistari. Kubwa kuliko zote: kuusoma ujumbe wa XML kwa maktaba, kisha kuuandika upya ndipo uuhakiki. Nafasi huhama, alama za nukuu hubadilika, saini inakufa. Hakiki baiti kama zilivyofika kwenye seva, ndipo uzisome. Na uliza maandishi ya saini yanaanzia wapi: ni XML yote, au sehemu ya katikati tu, pamoja na lebo zake au bila lebo.

Faili la `.pfx` (ufunguo na cheti pamoja) la zamani nalo lina kituko chake. OpenSSL 3 iliyotoka 2021 haifungui yaliyofungwa kwa RC2-40, hutaja algoriti hiyo na kusema haitumiki. Ongeza `-legacy` kwenye `openssl pkcs12`, kisha lifunge upya kwa njia ya kisasa. Vivyo hivyo kwa SHA-1: mwaka 2017 watafiti wa CWI Amsterdam na Google walionyesha mafaili mawili tofauti ya PDF yenye heshi moja ya SHA-1, na Linux ya RHEL 9 pamoja na ndugu zake Rocky na AlmaLinux 9 huikataa kwenye saini bila kuulizwa. Skripti iliyofanya kazi miaka mingi kwenye CentOS 7 itagoma siku unapohamisha seva. Kuna swichi, `update-crypto-policies --set DEFAULT:SHA1`, nayo inalegeza seva nzima. Bora kumbana mwenzako ahamie SHA-256.

`openssl cms -verify` ni mnyama mwingine. Yeye huchukua cheti kilichomo ndani ya saini na kukifuata hadi mzizi uliompa kwa `-CAfile`. Mtego ni kwamba cheti chochote kilichotolewa na mzizi huo kitapita, hata cha kampuni usiyoijua. Toa cheti cha mtia saini kwa `-signer nje.pem` na usome jina. Usiguse `-noverify` eti "ikubali kwanza tutarekebisha". Hiyo huacha kabisa kukagua cheti. Kwa faili lisilo maandishi weka `-binary`. Ikilalamikia matumizi ya cheti, sababu ni kwamba inatarajia cheti cha barua pepe, na `-purpose any` hulitatua.

Wewe ndiye unayetoa faili: minisign au ssh-keygen

Mradi ukiwa wako, hakuna sababu ya kumbebesha mtumiaji mzigo wa GnuPG. minisign ya Frank Denis inatumia Ed25519 pekee, hivyo hakuna algoriti ya kuchagua wala ya kukosea. Ufunguo wa umma ni herufi 56 zinazoanza na `RW`. Unaenea kwenye kipeperushi, kwenye risiti, hata kwenye SMS.

```
minisign -Vm programu.tar.gz -P RW...
```

Faili la saini, `programu.tar.gz.minisig`, likae folda hilo hilo. Ndani yake kuna maelezo ya aina mbili: yasiyoaminika, ambayo yeyote anaweza kuyabadilisha, na yanayoaminika, ambayo nayo yametiwa saini. Andika jina la faili na toleo kwenye hayo ya pili, na mhakiki ayasome. Bila hivyo mtu anaweza kumpa mteja wako toleo la mwaka juzi lenye shimo, likiwa na saini yako halali.

signify ya OpenBSD, iliyokuja na toleo 5.5 mwaka 2014, ni kaka yake. Funguo za umma zinaoana, lakini minisign ya sasa hupiga heshi ya BLAKE2b kabla ya kutia saini, na signify haiielewi saini hiyo. Mtoaji atumie `-l` anapotia saini kama wateja wake wana signify. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `signify-openbsd`. Pakiti iitwayo `signify` tu ni kitu kingine kabisa cha barua pepe.

Kasoro ya zote mbili: hakuna kubatilisha. Ufunguo ukiibwa, huna njia ya kuwaambia watumiaji kupitia zana yenyewe. Utatangaza kwa mdomo na kutoa ufunguo mpya.

Kwa timu inayofahamiana, ssh-keygen ndiyo tunayoipenda zaidi. Ipo tayari kwenye kila kompyuta yenye OpenSSH 8.1 au mpya zaidi, na kila mhandisi ana ufunguo wa SSH tayari. Unatunza orodha ya waruhusiwa, mstari mmoja kwa mtu:

```
asha@mfano.tz namespaces="file" ssh-ed25519 AAAA...
```

kisha:

```
ssh-keygen -Y verify -f waruhusiwa -I asha@mfano.tz -n file -s ripoti.pdf.sig < ripoti.pdf
```

Zingatia mshale wa `<`: faili huingia kwa mlango huo, si kwa jina, na ukiusahau amri itakaa ikikusubiri. Neno la `-n` lazima lioane na lililotumika kutia saini, ili saini ya commit (badiliko la msimbo kwenye Git) isije kutumika kama saini ya faili la kawaida. Kuna `-Y check-novalidate` inayofanana nayo sana, ila hiyo haiangalii orodha. Inajibu swali la kwanza tu, la pili inalikalia kimya. Git hutumia mfumo huu tangu toleo 2.34, ukisahau kuweka `gpg.ssh.allowedSignersFile`, haitaweza kukuhakikishia commit ya mtu yeyote.

Picha za kontena (programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake) zina cosign, inayotumia vyeti vya dakika 10 badala ya ufunguo wa kudumu. Inataka umtaje mtia saini kwa `--certificate-identity` na mtoa utambulisho kwa `--certificate-oidc-issuer`. Ukiweka mchoro unaokubali kila jina, umehakiki kwamba kuna binadamu fulani duniani mwenye akaunti.

PDF na APK

Haya mawili yana saini ndani ya faili lenyewe, usiyapeleke kwa GnuPG. Kwa PDF kwenye Linux ni `pdfsig mkataba.pdf`. Tafuta `Total document signed`. Ukiona `Not total document signed`, kuna kitu kimeongezwa baada ya saini. Pengine ni saini ya mtu wa pili, pengine ni ukurasa. Picha ya sahihi iliyoskaniwa na kubandikwa haitaonekana hapo kabisa, na ndivyo inavyopaswa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezitambua saini za kielektroniki Tanzania, kwa hiyo faili la mkataba litunzwe kama lilivyo. Ukilichapisha na kuliskani upya, saini imekwisha.

APK, yaani mafaili ya programu za Android, zinazopita kwa Xender na WhatsApp hukaguliwa kwa `apksigner verify --print-certs programu.apk`. Linganisha SHA-256 ya cheti na ya nakala iliyotoka Play. Usitumie `jarsigner`: huona mfumo wa kwanza wa saini tu, ilhali tangu Android 7.0 kuna mfumo unaofunika faili zima. Na simu ikikataa kusasisha programu, fundi akakwambia "futa ile ya zamani kwanza", sita. Android huzuia sasisho lenye saini ya mtu tofauti, na kufuta ya zamani ndiko kunakoondoa kizuizi hicho.

Kabla skripti haijaanza kazi

Angalia saa ya kompyuta. Mashine ya zamani yenye betri ya CMOS iliyokufa hurudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na hapo GnuPG italalamika kuwa ufunguo umetengenezwa siku zijazo, OpenSSL itasema cheti hakijaanza kutumika.

Halafu ilishe skripti mambo manne inayopaswa kuyakataa: faili lililobadilishwa baiti moja, saini nzuri ya ufunguo usio wako, faili la saini lenye baiti 0, na saini isiyokuwepo kabisa. Baada ya kila moja andika `echo $?`. Ukiona 0 popote kati ya hizo nne, skripti haihakiki chochote hata kama ISO halisi inapita vizuri.